Siku Tatu Mlangoni kwa Roza

Shangazi,

Sauti iliyobaki kwangu si ya wimbo wala ya sala. Ni ya kitambaa unachokikamua, maji yakirudi ndani ya beseni, halafu wewe ukimwambia mgonjwa, "Geuka kidogo, baba, usinionee haya, mie mwenyewe mzee." Mimi nilikuwa nje, uani, na ndoo ya pili. Miaka miwili nilikubebea ndoo Chang'ombe nzima na sikuwahi kuvuka kizingiti cha mgonjwa. Hukunisukuma. Kwa nini hukunisukuma? Hilo ni swali la kwanza tu.

Tangu uondoke, kiwanda cha hapa jirani kimepunguza watu, na karibu kila aliyepunguzwa amefungua genge mbele ya nyumba. Sabuni ulizokuwa ukizipangia foleni sasa zimejaa, za kila rangi. Ungecheka.

Lakini nimeandika ili nikiri. Waliniambia niandike wasifu wako, usomwe kanisani kabla ya kwenda makaburini, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa familia. Niliandika kwamba ulikuwa na huruma tangu utoto, na kwamba hukumkimbia mgonjwa hata siku moja. Watu walilia. Bi Mwanaidi, jirani yako wa ukuta kwa ukuta, alinisubiri nje. "Wee, huyo uliyemsoma humo ndani ni nani? Mie Felista wangu namjua. Mkali kama pilipili, na kwa Roza alikimbia."

Ni kweli. Wewe mwenyewe ulilisimulia hilo kila mgeni alipojiunga na jumuiya yetu ya sala. Roza, mwenzako wa kwaya, aliugua ugonjwa ambao siku zile watu hawakuutaja jina. Ukaweka sufuria ya uji mlangoni, ukapiga hodi, ukaondoka kabla hajafungua. Siku tatu. Siku ya nne ulikuta uji wa jana haujaguswa, na Roza amekwisha kufa. Ulisimulia bila kulia, ukitazama vidole vyako. Nilikuwa naona aibu kwa niaba yako. Ndiyo maana nililiacha kwenye wasifu.

Sikujua nimeacha nini, mpaka nilipoongea na Agnes, mama aliyehamia mtaani mwezi ule ule tuliokuzika. Shemeji yake amelala chumba cha uani na harufu inafika njiani. Nilimuuliza ni nani anayemwogesha.

"Nani aweze, dada? Si nilikuwepo msibani, nikasikia? Shangazi yako alizaliwa na moyo huo. Sie wengine tunaogopa."

Wiki nzima nimeyazunguka maneno hayo. Ulifikiri nini, siku ile ya kwanza, ulipogeuka na kuiacha sufuria? Ulimwomba Roza msamaha hata baada ya kufa, kama mimi ninavyokuandikia wewe? Na kusimulia kwako kulikuwa toba, au ulikuwa unatufungulia njia sisi waoga? Sijui, Shangazi. Sitaki tena kujaza nisipopajua kwa maneno mazuri.

Jumamosi jumuiya ilisali kwa Agnes. Baada ya Injili nikasimama, nikasema wasifu ule ulikuwa na uongo. Nikaeleza sufuria, siku tatu, yote. Mwenyekiti akakohoa.

"Kwa hiyo na yeye aliogopa?" Agnes akauliza.

"Aliogopa."

"Na wewe uliyekuwa unaandamana naye?"

Nikasema mimi sijawahi kuingia.

Pumzika kwa amani, Shangazi. Sitakupamba tena. Atakayeniuliza habari zako atapewa pia siku zile tatu, pamoja na miaka yangu miwili ya kusimama nje.

Wenzetu walipoondoka Jumamosi ile, Agnes alichemsha maji. Tuliingia wote wawili. Shemeji yake akageuzia uso ukutani. Nikamtajia jina langu tu, nikaanza na miguu.

Mwanao,
Hilda