Mfugaji wa Vyuo Vinne

Jumatatu, 7 Agosti

Kuanzia leo, masomo ya udaktari wa mifugo ya bara zima yako mabegani mwangu mimi, Clarrie Tuckwell. Sijisifu, nasema kama ilivyo. Vyuo vinne — vitatu vya kwetu Australia, kimoja ng'ambo kule New Zealand — vimekubaliana kufundisha kwa namna moja na kutahini kwa namna moja. Kila chuo kinatafuta mtu wa kuigiza mfugaji, ili wanafunzi wajifunze kuzungumza na wenye mifugo. Chuo chetu kimenichagua mimi. Daktari Lorimer, mama anayeendesha mpango huu hapa, kanipigia simu mwenyewe. (Tangazo lilikuwa dirishani kwa muuza nyama wiki tatu. Hilo si kitu.)

Keely, mtoto wa dada yangu, yuko mwaka wa mwisho na anakaa kwangu. Badala ya kufurahi kashika kichwa.

"Mjomba, nakuomba. Fuata karatasi tu."

Karatasi! Mimi niliyewahi kumzalisha ng'ombe kwa simu, na simu yenyewe imekatika!

Alhamisi, 10 Agosti

Mafunzo. Chai, keki za nazi, viti vigumu. Noelene, aliyesambaza barua mjini hapa miaka thelathini, anaigiza mwenye paka mnene. Kazi ya mtoto hiyo.

Yangu ndiyo nzito. Mfugaji ana ng'ombe watatu. Wamepofuka, wanasaga meno, wanasukuma vichwa kwenye uzio. Kumbe bwana huyo aliacha betri kuukuu ya trekta malishoni, wakailamba, wakapata sumu ya risasi, yale madini ya ndani ya betri. Anaona haya, kwa hiyo hasemi. Mwanafunzi akimuuliza kwa upole, bila kumlaumu, ndipo aseme.

"Hapo ndipo somo lilipo," kasema Lorimer. "Na maneno ni yale yale kwa vyuo vyote vinne."

Nikamwambia mfugaji huyu ni mzembe, simfahamu, wilaya yetu haina watu kama hao. Noelene akadakia: "Clarrie, wewe ukipewa uigize maiti utauliza mazishi yako yalihudhuriwa na wangapi."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Jumatano, 16 Agosti

Mtihani! Wanafunzi ishirini na wawili, dakika nane kila mmoja, kengele, kamera. Picha zetu zinasahihishwa na walimu wa vyuo vingine, sisi tunasahihisha zao. Ndiyo maana Keely naye karuhusiwa kuingia kwangu. Wasahihishaji hawatujui.

Niliigiza mpaka jasho. Ile habari ya betri niliiboresha kidogo. Wa kwanza nilimpa magugu yenye sumu. Wa sita, jirani mwenye kijicho. Wa kumi na moja, ndege ya jeshi iliyodondosha kitu. Binti mmoja alitokwa machozi kwa kunihurumia.

Wa kumi na nne Keely. Kaketi, kaweka kalamu chini, sauti laini kabisa. "Bwana, huenda kuna kitu kilisahaulika malishoni? Humtokea kila mtu."

"Malisho yangu ni safi kuliko jiko lako."

Kauliza tena, kwa njia nyingine. Halafu mara ya tatu. Nikajibu vile vile. Kanitazama mpaka kengele ikalia.

Ijumaa, 18 Agosti

Majibu. Vyuo vingine, karibu wanafunzi wote wameigundua betri. Kwetu — sifuri. Sifuri kati ya ishirini na wawili!

Lorimer kaniita, kanisomea barua ya wale wa New Zealand polepole, kama mtu anayechomoa mwiba. Wanasema ama wanafunzi wetu hawajui kuongea na binadamu, ama mfugaji wetu hajawahi kumiliki hata kuku. Mtihani utarudiwa mara moja tu. Tukiharibu tena, vyuo vitatu vitaendelea bila sisi, na wanafunzi wetu watarudia mwaka mzima. Maana yake zahanati ya mifugo iliyomwekea Keely nafasi itampa mtu mwingine.

Nimemwomba Lorimer atafute mfugaji mwingine. Kasema mwingine ndiye yule anayeigiza mwenye paka.

Jioni nikasema mezani kwamba vijana wa siku hizi hawajui kuuliza. Keely alikuwa anaosha sahani. Hakugeuka.

"Nilikuuliza, Mjomba. Nilikuuliza mara tatu."

Basi. Kaenda chumbani kwake. Hata mbwa kaenda kulala mlangoni kwake.

Jumanne, 22 Agosti

Noelene kaja kunifundisha. Yeye mwanafunzi, mimi mfugaji.

"Sema: niliacha betri."

"Betri iliachwa."

"Na nani?"

"Na... upepo."

"Betri ya trekta, Clarrie! Unaujua uzito wake?"

"Ulikuwa upepo mkali."

Kacheka mpaka kashika meza. Halafu katazama kikombe changu. "Mbona hunywi?" Nikasema kikombe kina moto. Chai ilikuwa imepoa zamani.

Jumatano, 23 Agosti

Saa nne na robo asubuhi. Niko kwenye kiti changu chuoni, daftari gotini. Wa kwanza ameshatoka. Kijana wa watu kauliza vizuri, kwa upole kuliko padri. Nikafungua mdomo — nikamsimulia habari ya chui mweusi wa milimani, yule wa hadithi za walevi.

Lorimer kazima kamera. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Kasema kijana atapewa nafasi nyingine, mimi sipewi. Dakika tano za mapumziko, halafu anaingia Keely.

Viatu vyake naviona chini ya mlango. Havitulii.

Vyuo vinne vitatazama. Hilo naliweza, nimetazamwa na wengi. Tatizo ni huyu mmoja. Ataingia, ataketi, ataniuliza kama mgeni, na kama nitajibu ilivyoandikwa sitakuwa naigiza. Sauti yangu anaijua.

Mama yake alikuwa na mitamba wawili, akaniachia niwatunze malishoni kwangu. Keely alikuwa na miaka minane, mmoja alimpa jina Kifungo. Walipokufa nikamwambia dada wamepigwa na radi. Hata ua nilimpa mtoto aliweke pale. Hakukuwa na wingu wiki ile nzima.

Betri ilikuwa yangu. Nilisema nitaiondoa Jumamosi, halafu Jumamosi kulikuwa na mpira.