Herufi Moja Kati Yako na Mtoto

Mpendwa dada Soranje,

Nimejifungua. Ni mtoto wa kike, ana wiki tano sasa, na paji la uso amechukua lako. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya na jina lako, na nataka ulisikie kwangu mwenyewe.

Kwenye karatasi ulikuwa Solange, kwa Kifaransa. Mama ndiye aliyekuita Soranje, na nyumba nzima ikamfuata. Jioni, ukirudi Gisenyi kutoka Goma kuuza viazi, nilikuwa nasimama mlangoni naita, nawe unaitika kutoka barabarani kabla sijakuona: "Karameee." Ndivyo mdogo anavyomwitikia mkubwa kwa Kinyarwanda, na wewe ulinizidi miaka tisa. Ulinitania hivyo tangu utoto wangu. Hata wiki ile ya homa iliyokuchukua, sauti yako imekauka, uliniitika hivyo hivyo.

Siku ya nane, ya kumpa mtoto jina, mume wangu Faustin alitaka tuandike kwa L, kama karatasi zako, mtoto asije akasumbuliwa shuleni. Nikakataa. Nikasema Solange ni jina la ofisini, dada yangu alikuwa Soranje. Ilikuwa mchana, sebule imejaa wageni, watoto wa jirani wamekaa mkekani wanakula. Nikamwinua mtoto, nikaita, "Soranje."

"Karameee."

Ilitoka jikoni, upande wa uani. Wageni wakacheka, wakidhani ni mzaha wa mtu. Faustin akaenda kutazama. Alikuta sufuria na moshi, na mlango wa nyuma umefungwa kwa komeo, kwa ndani.

Sitakuficha, nilifurahi. Kesho yake, Faustin akiwa kazini, niliita tena, polepole. Ukaitika kwenye korido. Mtoto akaacha kunyonya. Siku iliyofuata nikaita, ukaitika nyuma ya pazia la chumba changu, karibu hata nikasikia pumzi. Pazia likaja mbele kidogo, kama mtu amesimama nyuma yake. Dirisha lilikuwa limefungwa. Nikamtazama mtoto. Alikuwa ametulia mno, macho kwenye pazia, na nilipomshika miguu ilikuwa ya baridi kama ametolewa ziwani.

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Nyamyumba kunisaidia uzazi, alinikuta nimemkumbatia mtoto kifuani. Nikamweleza yote. Alikaa kitandani, akaanza kumsugua mtoto miguu.

"We unaita watu mbili na jina moja," akasema. "Ule mukubwa anakuya huku. Bon, huyu mudogo ataenda wapi?"

Nikamwambia siwezi kumnyima mtoto jina lako. Akanijibu kwamba hakuna aliyesema nimnyime. Nimwite kama karatasi zilivyokuita, na nisikosee ulimi.

Wiki iliyofuata nilikwenda kumwandikisha. Karani, binti mpole, aliandika herufi mbili za mwanzo, kisha akainua kalamu.

"Ni R ao L?"

Walionifuata kwenye foleni wakaanza kuguna. Nilikuwa naona uso wako.

"L," nikasema. "Na tunatamka hivyo hivyo."

Nyumbani ilibidi nimfundishe kila mtu. Watoto wa jirani walizoea kwa siku moja. Mimi ndiye niliyechelewa. Mara mbili ulimi ulianza kuteleza, nikauuma hadi damu.

Siku niliyojiamini, nilimlaza mtoto kitandani, nikasimama nikilitazama pazia, nikaita, "Solange." Mtoto akanigeukia mimi. Nikangoja. Jikoni kimya, korido kimya. Niliita tena, kwa nguvu zaidi, na nakuapia dada, sehemu moja ya moyo wangu ilikuwa inakuomba uitike. Hakuna aliyeitika. Nikakaa chini sakafuni nikalia kuliko siku ya mazishi, kwa sababu siku ile walikuzika wengine, na mara hii nilikuwa mimi.

Miguu yake ina joto sasa. Analala vizuri, ananenepa. Nisamehe. Usidhani nilikuogopa. Nilikutaka mno, na ningeendelea kukuita mpaka nimpoteze.

Kaa salama huko uliko, dada yangu. Sitakusumbua tena kwa sauti.

Mdogo wako, mama Solange