Baridi ya Ulaya na Radhi ya Mjomba

Likoni, Jumapili, Novemba 1947

Mvua ya vuli imenyesha tangu alfajiri na makuti ya paa langu yanavuja. Joto halikupungua hata kidogo, shati limenigandia mgongoni. Moyo tu ndio ulio na baridi.

Dada yangu Mwanakombo aliniita kwake baada ya swala ya adhuhuri. Mwanawe Bakari amepata kazi ya kutia makaa katika meli iendayo Livapuli, huko Ulaya. Inang'oa nanga Alhamisi. Na kwetu sisi Wadigo kijana hafungi safari kubwa mpaka mjomba wake ashike maji kinywani, amtemee kifuani na kumwombea. Mjomba mwenyewe ndiye mimi.

Dada alinivuta kando. "Mweleze baridi ya huko mpaka aghairi. Wewe waijua."

Naijua? Mimi niliyevuka Bahari ya Sham mara nyingi kuliko majirani zangu walivyovuka kivuko cha Likoni! Chuoni sikukaa sana, lakini hali ya hewa ya dunia niulize mimi.

Nikaanza. Nikamwambia meli ikishapita mlango wa Jabal Tariki na kuingia bahari kuu, maji husimama wima, sufuria zikakimbizana na mpishi. Nikamwambia Disemba kule jua ni mgeni mwenye kiburi, lachungulia saa tatu, saa kumi limeshaaga. Theluji ikizidi, gari la moshi hukwama njiani na abiria wakalala humo humo. Na ukungu je? Siku moja nilimwamkia mzee shikamoo, nikangoja marahaba, nikangoja, kumbe ni nguzo ya taa.

Bakari alicheka mpaka akafuta machozi. Majirani waliojibanza barazani kukimbia mvua nao wakacheka. Kisha akaniuliza, macho yakimng'aa, "Mjomba, hiyo theluji ukiila ina ladha gani?"

Mwanakombo alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. "Nilikwita umtie hofu," akasema, "umemtia hamu."

Kweli. Ndilo balaa la ulimi wangu, hata msiba ukipitia kinywani mwangu hutoka umevaa kilemba.

Basi nikamweleza habari ya Salimu, ambayo sijapata kuisimulia barazani kwa kuwa haichekeshi. Salimu wa Mtongwe, tuliyetia naye makaa tanuri moja. Tulipofika bandarini kule akasikia theluji inaanguka, akapanda juu mbio kuitazama, kifua wazi, jasho la tanuri likimtiririka. Alisimama pale akiidaka kwa viganja, akicheka. Kifua kikamshika. Hakumaliza wiki.

Maiti yake niliikosha mimi. Maji tuliyachemsha, yakapoa kabla sijafika miguuni. Na ardhi ilikuwa ngumu hata sururu zikatoa cheche, kaburi likachimbwa kutwa nzima.

Hakuna aliyecheka.

Bakari akasema polepole, "Basi mimi nitavaa kwanza, mjomba, ndipo nipande." Akafungua vifungo vya shati, akaniletea kikombe cha maji, akapiga magoti mbele yangu.

Nikayajaza maji kinywani. Nikakitazama kile kifua. Hakina hata unywele, jamani. Nilimwona Salimu juu ya ubao wa kukoshea maiti.

Nikayameza.

Mbele ya watu wote. Katika umri wangu sijapata kuona mjomba ameyameza maji ya radhi, na sasa ndiye mimi. Bakari alifunga vifungo vyake kimoja kimoja, akasema, "Nitakwenda, mjomba. Hata hivyo nitakwenda." Akatoka mvuani.

Nilidhani dada atanishukuru. Alinifuata hadi uani, mwiko ungali mkononi, uso umemsawijika.

"Nilitaka asiende," akaniambia. "Sikutaka aende hivi."

Nimerudi nyumbani. Baridi ile naijua dawa yake: nguo za sufu, soksi mbili, magazeti chini ya shati, asipande juu na jasho. Lakini mtu aendaye kule na kinyongo cha mjomba wake avae nini?

Kesho nitakwenda kwao mapema kabla hajatoka kwenda kibaruani. Sitafanya mzaha hata mmoja. Nitamtemea maji yake, kisha nikae na dada yangu, nimwache alie.