Mama Amepita Mlangoni Kwangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla wivu haujanifanyisha la aibu. Mimi ni msanifu majengo, nina ofisi na rafiki yangu wa tangu chuoni, tulianzia kwenye chumba kilichokuwa stoo ya rangi na sasa watu wanapanga foleni tuwachoree nyumba, lakini juzijuzi mama yangu mzazi, anayejenga nyumba yake ya uzeeni, alipita mlangoni kwangu akaenda kuketi kwa mwenzangu, na nilipomuuliza akasema, "Wewe mwanangu utanijengea nyumba ya kupigwa picha. Mwenzio ameniuliza napenda kukaa wapi asubuhi." Nilicheka meno nje, moyoni moto. Ramani ilipokamilika nililifunika jina la mwenzangu kwa kidole, nikaitazama kana kwamba ni yangu, nikaipenda, na hapo ndipo roho iliponiuma zaidi. Kisha nikaona chumba cha mama kiko ghorofani. Mwenzangu hajui kwamba goti la mama limekwisha, kwamba hushuka ngazi kinyumenyume akidhani hatumwoni, maana mbele za watu hujikaza. Msingi unamwagwa zege wiki ijayo, nami nimenyamaza. Nangoja ahamie, apande zile ngazi, ajue ni nani angemjengea nyumba inayomfaa. Je, mimi ni mtoto mbaya?

Ni mimi, Penseli Isiyotakiwa

Dada Penseli, pole. Kurukwa na mama mzazi kunauma, asikudanganye mtu. Lakini hebu jisikilize: unataka goti la mama yako likushindie kesi? Mtoto mbaya hujawa. Zege likimwagwa, utakuwa.

Wewe unajua anavyoshuka ngazi, hujui anapopenda kukaa asubuhi. Mwenzako anajua hilo la pili, la kwanza hana habari nalo. Sasa ofisi mliifungulia nini, kugawana meza?

Leo hii, kabla chai yako haijapoa, mwambie, "Mwenzangu, chumba cha mama kishuke chini," na umweleze sababu mkiwa wawili tu, si mbele ya mafundi. Mama amelificha goti lake kwa heshima yake. Penseli usiiguse. Jina kwenye ramani libaki la mwenzako. Utaumia. Basi umia, hujafa.

Ukitoka hapo nenda kwa mama, mikono mitupu, umuulize anapenda kukaa wapi asubuhi. Akikuonyesha, keti naye papo hapo. Na ukikuta dirisha hapo, usilipime.