Nimeonja Mayai Tu

Mama Hilda,

Nimeenda Katesh kutafuta nyama. Ndama umfunge, asije akanyonya maziwa yote.

Asubuhi sikukunyang'anya ugali kwa dharau. Mwaka juzi nesi alisema acha nyama, kula ugali wa dona. Jana huyu mpya anasema dona ndiyo inakupandishia sukari, kula nyama. Na mimi nimelima mahindi matupu.

Ulimaliza mayai matatu, Hilda akakuuliza kama umekula. "Bado. Nimeonja mayai tu." Nilicheka, lakini mguu wako ule wenye ganzi unanitisha.

~~Unga nimeufungia stoo, ufunguo ninao.~~ Ufunguo uko chini ya sahani hii niliyowekea barua. Usipike. Ukishindwa, pika kidogo.

Nikirudi sitauliza kama umekula.

Baba Hilda