Kompyuta ya Baba Imewaka

Kirua Vunjo,
Moshi.
14 Machi 2024

Mpendwa Kaka Valerian,

Shikamoo. Mnaendeleaje huko Mtwara, wewe na wifi Kindness? Joto limepungua? Hapa nyumbani hatujambo. Baba anakohoa kidogo asubuhi, Mama ni mzima, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Sababu utaiona mwishoni.

Kompyuta ya Baba imewaka tena, kaka. Unajua humo mna zamu zote za maji ya mfongo wetu, mfereji unaonywesha mashamba yote, za miaka kumi na miwili, na Jumamosi iliyopita kikao cha mfongo kilikuwa kiamue kama Baba aendelee kuwa katibu. Kila Jumapili nje ya kanisa Mzee Sirili alimtania, "Mwalimu, zamu zetu zimelala wapi leo?" Baba alicheka, lakini akifika nyumbani alikaa mbele ya kompyuta iliyozima.

Nilitengeneza flashi ya kuiwashia. Lakini ile orodha ya mipangilio, inayotokea kabla kompyuta haijaamka, ilikuwa na chaguo moja tu: diski ya ndani. Flashi haikutajwa popote. Siku tatu niliisoma orodha hiyo. Ndipo nikajiuliza, je, ikikosa pengine pa kwenda? Nikafungua skrubu, nikaitoa diski, nikabonyeza. Ikatafuta, ikakosa, ikaigeukia flashi. Skrini ikajaa mwanga.

Baba aliinama akachungulia pale palipokuwa na diski.

"Imewaka haina kitu tumboni?"

Kisha akavua kofia.

Nikaiunganisha diski kwa waya, upande wa nje. Mafaili yote yamo, kaka. Hukufuta hata moja. Kilichoharibika ni sehemu ya kuwashia tu. Jumamosi Baba alisoma zamu zote, na bado ni katibu. Mzee Sirili aliomba aione flashi, akaiweka kiganjani, akaigeuzageuza.

Na mimi, siku ile ya Krismasi ulipoigusa ikazima, nilikuambia mbele ya wageni, "Umemfuta Baba." Uliondoka ukaiacha sahani yako imejaa. Hujapiga simu tangu hapo, na mimi sikupiga.

Msalimie sana wifi, na umbusu Theodory mdogo. Mama anawaombea kila jioni. Mungu awatunze hadi tuonane.

Ndani ya bahasha kuna jani la isale, lile wazee wetu hulipeleka wakiomba msamaha. Nimelikata leo mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikalifunga fundo. Litakufikia limekauka, lakini simu isingeweza kulibeba. Nisamehe, kaka.

Mdogo wako akupendaye,
Zita