Kona Iliyokunjwa: Kwa Urbanus Mbithi Wetu

Mwaka umetimia, Urbanus, tangu ulipotutoka, na hadi hivi majuzi majirani wa Kalama walikuwa wakituuliza ulifanya kazi gani hasa. Wakisikia mchambuzi wa mifumo ya kompyuta, walikuletea redio mbovu. Nawe ulizitengeneza bila kulalamika.

Kumbe kazi yako ilikuwa kuketi kando ya watu na kutazama wanavyofanya kazi, kabla kompyuta haijaletwa. Ulikuwa mdadisi wa kuchosha. Hata mkeo Ndanu ulimuuliza kwa nini anaosha sufuria kabla ya vikombe, ukaandika jibu daftarini.

Jumatatu ile hatuisahau. Hospitali uliyoifanyia kazi ilikuwa iache kadi za karatasi na kuanza kutumia kompyuta saa nne asubuhi, na sahihi yako tu ya kuidhinisha ndiyo iliyokosekana. Tuliogopa utafutwa kazi, na tulikukasirikia, tusifiche.

"Baba Kalekye, si uweke tu sahihi? Wengine wote wameweka," Ndanu alikusihi.

"Masista wanakunja kona za kadi zingine. Kwa kompyuta hakuna mahali pa kukunja," ulimjibu, ukaondoka bila kunywa chai.

Mkubwa wako alikungoja mlangoni mwa hospitali, kalamu mkononi. "Urbanus, wageni wa uzinduzi wameshafika. Weka sahihi ama uende nyumbani."

Ulitusimulia jinsi ulivyompeleka kwenye chumba cha sindano badala ya kuweka sahihi. Sista Mumbua alikuwa akikunja kona ya kadi.

"Hiyo ni ya nini?" mkubwa akauliza.

"Huyu hadungwi penisilini, inaweza kumuua. Si kila mtu hapa anajua?"

Kila mtu alijua, isipokuwa kompyuta. Mkubwa akarudisha kalamu mfukoni. Uzinduzi ukasogezwa wiki tatu, hadi kila kona iliyokunjwa ikapata alama nyekundu kwenye kompyuta.

Mwezi wa nne mwaka huu, mama yako Kasiva alifikishwa hapo akiwa amezirai, nasi tukaachwa nje ya mlango. Baadaye tulisimuliwa kwamba muuguzi mgeni alikuwa ameshashika sindano ya penisilini. Alipofungua jina la mama kwenye kompyuta akaona alama nyekundu, akaweka sindano chini.

Mama yuko hai, Urbanus. Majirani wakiuliza ulifanya kazi gani, siku hizi yeye ndiye anayewajibu.

Tunaokukumbuka: mama yako Kasiva, mkeo Ndanu, binti yako Kalekye na ndugu yako Muthoka.

Hatutakusahau maisha yetu yote.